Vidonge vya Bamvua

Uroa, 12 Oktoba 2025

Kwa mwanangu Salhiya,

Assalaamu alaykum. Sisi sote hatujambo, na huko Kiponda tunakuombea uzima. Nduguyo Shaame kapata kazi ya kulinda lango katika hoteli mpya, analala mchana, na mkewe anagombana na majogoo ya jirani yasiwike. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja kafa. Mwani mwaka huu haujaumwa.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita nilivimba miguu, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Shaame akanipeleka hospitali ya mjini. Hatukukupitia kwa sababu tulijua uko kazini. Wakatoa damu, wakachukua mkojo, wakasema nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi, daktari, mwanamke kijana, akaniambia figo zangu zinafanya kazi kwa asilimia thelathini na nane. Nikamuuliza, "Figo ipi?" Akasema zote mbili kwa pamoja. Akanichorea kwenye karatasi kitu kama uzi uliosokotwa ukatiwa ndani ya kikombe, akasema figo imejaa vitu kama hivyo, na vyangu vingi vimekufa. Nje kulikuwa na watu arubaini wanangoja. Nikaikunja karatasi nikatoka.

Karatasi ninayo na siielewi. Wewe umesomea dawa miaka mitatu. Niandikie kile ni kitu gani na kinafanya nini. Usinipigie. Simu ya nyumba hii ikilia huwekwa sauti ya juu, kila mtu akaisikiliza, halafu kila mtu akanieleza alivyosikia yeye. Nataka maandishi niyasome taratibu.

Vidonge vyangu vya mgongo vimebaki kumi na bamvua linaanza tarehe ishirini, bahari itakupwa mbali na kazi ya mwani itakuwa nyingi. Vingine mpe Simai, yule anayepeleka samaki Darajani. Gari lake lipo pale mpaka saa nne asubuhi.

Shangazi yako,
Mwatum


Kiponda, 20 Oktoba 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Huku ni wazima. Fathiya niliyekuwa nikikaa naye kahamia Amani na mumewe, na mimi nimebaki na vyumba viwili na dari linalovuja. Dukani ni yale yale, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Majid, mwenye duka, kafunga feni mpya inayopeperusha karatasi zote, na hii ninayoandika nimeiwekea chupa ya dawa ya kikohozi.

Kitu alichokuchorea daktari kinaitwa nefroni. Katika kila figo zimo kiasi cha milioni moja, na zote ulizonazo ulizaliwa nazo. Hakuna mpya inayoota. Ikifa moja, zilizobaki huibeba kazi yake, ndiyo maana mtu anaweza kupoteza nusu na asihisi kitu.

Ule uzi uliosokotwa si uzi. Ni mishipa ya damu myembamba sana iliyojikunja ikawa fundo, na fundo zima ni dogo kuliko chembe ya mchanga wa hapo Uroa. Limekaa ndani ya kikombe. Damu huingia kwenye fundo kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine, na ule wa kutokea ni mwembamba kuliko wa kuingilia. Kwa hiyo damu husongamana humo, na msukumo wake huyapenyeza maji kwenye kuta za mishipa mpaka kwenye kikombe.

Unakijua kifumbu cha kukamulia nazi. Mkono wako ni msukumo, ukuta wa mshipa ni kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Tofauti ni kwamba ukuta huu una tabaka tatu: moja ina matundu, ya pili ni utando, ya tatu ni seli zenye vidole vilivyopishana kama ukili wa mkeka. Chembe za damu na protini huzuiwa. Maji, chumvi, sukari na taka hupita. Tabaka hizo zikichakaa, protini hupenya ikapotelea kwenye mkojo, maji yakakaa mwilini, na miguu ikavimba.

Chini ya kikombe kuna mrija mrefu. Huo nitakueleza barua nyingine, maana tangu nianze kuandika wameshaingia wateja wanne.

Vidonge vya mgongo vimekwisha dukani. Usitafute kwingine. Jikande kwa maji moto, na maumivu yakizidi meza panadol. Nitakuja Ijumaa ijayo tuzungumze.

Mwanao,
Salhiya


Uroa, 9 Novemba 2025

Mwanangu Salhiya,

Waalaykum salaam. Ijumaa hukuja. Hatukuuliza. Mke wa Shaame anatapika asubuhi na sisi hatujasema kitu.

Barua nimeisoma na ile picha nimeilaza pembeni. Nikamwonyesha Sichana tulipokuwa tunafunga mwani. Akaigeuza juu chini, akasema, "Hii si figo, hizi ni kamba za Mwatum baada ya upepo." Wenzetu wakacheka mpaka fungu zima la mbegu za mwani likachukuliwa na maji. Lakini kifumbu wamekielewa wote.

Hapa pananitatiza. Umesema maji yanapita na chumvi inapita, na damu inakamuliwa kutwa kucha. Mbona basi hatukojoi mpaka tukakauka?

Vidonge nimevipata kwa Hasan, hapa dukani kijijini. Vyako vilikuwa vya manjano na vyake vyekundu, lakini jina lililoandikwa ni lile lile. Bamvua limepita vizuri. Uliniambia nisitafute kwingine, hukuniambia kwa nini. Mtu akikatazwa kitu hupewa na sababu.

Daktari nnakwenda kwake tena mwezi ujao.

Mwatum


Kiponda, 30 Novemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, na nisamehe ile Ijumaa, Majid alisafiri. Mke wa Shaame mwambie asinywe dawa yoyote ya kutapika bila kupimwa. Mvua za vuli zimelishusha dari la chumba cha nyuma, nimehamia cha mbele.

Swali lako limegusa penyewe. Figo zikiwa nzima hukamua lita mia na themanini kwa siku. Hayo ni madumu tisa ya lita ishirini. Mkojo unaotoka ni kiasi cha lita moja na nusu. Yaliyobaki yote hurudishwa kwenye damu, na anayerudisha ni mrija.

Watu hudhani figo huchagua taka ikazitupa. Haifanyi hivyo. Hutoa karibu kila kitu nje, kisha hukirudisha kilicho chake. Kama mnavyosafisha nyumba kabla ya Ramadhani: vyombo vyote vinatolewa uani, na jioni mnaingiza mnavyovitaka. Kisichoingizwa ndicho kinachotupwa. Kwa njia hii hata sumu ambayo mwili haujawahi kuiona huweza kutoka, kwa sababu hakuna aliyeirudisha ndani.

Mrija una mikunjo mwanzoni. Hapo hurudi theluthi mbili za maji na chumvi, na sukari yote. Kisha unashuka mpaka kwenye kiini cha figo, mahali penye chumvi kali, unageuka na kupanda. Chumvi ile huyavuta maji kutoka kwenye mrija, kama inavyomtoa maji samaki unayemkausha. Unapopanda, mrija hurudi ukagusa fundo lake wenyewe, pale pale mlangoni damu inapoingilia. Hapo zimo seli zinazoonja yaliyomo kwenye mrija na kuujulisha mlango ufunguke zaidi au ujibane. Kinachosalia huingia kwenye mfereji wa pamoja kikashuka kibofuni.

Mlango ule haukai wazi hivi hivi. Mwili ukipungukiwa na maji, mishipa hujibana kila mahali, na figo hutengeneza kitu chake cha kuuweka mlango wake wazi ili fundo lisikose damu. Kuna mambo yanayokizuia kitu hicho. Nitakueleza nikija. Nimepanga Ijumaa ya tarehe tano.

Vidonge vya Hasan viache. Na nijibu hili: daktari alipokuuliza dawa unazotumia, ulimwambia nini?

Salhiya


Uroa, 28 Desemba 2025

Mwanangu Salhiya,

Ijumaa ya tarehe tano tulikupikia pweza. Simai kamla. Mke wa Shaame sasa tunaweza kusema, miezi minne.

Tarehe kumi na tano nilirudi hospitali. Asilimia thelathini na tatu. Daktari anasema ni presha. Kanipa dawa ya presha na kanipunguzia chumvi.

Umeniuliza nilimwambia nini. Yeye aliniuliza, "Bi Mwatum, unatumia dawa za maumivu?" Nikasema panadol, siku mojamoja. Akaandika. Mara ya pili akauliza tena na mimi nikajibu vile vile. Ningesema vidonge, angetaka kujua nani kanipa bila cheti cha daktari, nami ningemtaja nani? Kaka yangu Ismail alipofariki ulikuwa na miaka tisa nikakuchukua, na mwani ndio uliokusomesha. Cheti chako cha ufamasia kimetoka kwenye mgongo huu. Sikukipata kwa shida hivyo nije nikiondoe ukutani kwa mdomo wangu.

Sasa nikwambie ambalo hukuniuliza. Vidonge ulivyoniletea sikumeza peke yangu. Navitia kwenye kopo la maziwa, na siku za bamvua, kabla hatujaingia majini, kopo linapita. Tuko kumi na mmoja. Tunameza viwili viwili kwa funda moja la maji, kwa sababu ukinywa mengi, na uko kule kwenye mwani mbali na ufuko, utajisitiri wapi? Ramadhani tunameza kwenye daku vitufikishe magharibi. Wenyewe wanaviita vidonge vya bamvua. Huombewa dua wewe, na hujui.

Chukua barua yako ya mwisho uisome. Kurasa tatu umeandika, ukafika mlangoni, ukanyamaza. Kitu gani kinaubana mlango? Kutoka Kiponda mpaka hapa ni saa moja na nusu na umeshaahidi Ijumaa mbili. Naona huji. Basi andika.

Mwatum


Kiponda, 25 Januari 2026

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tano. Mimi mzima, Fathiya mzima.

Vidonge nilivyokuwa nakuletea ndivyo vinavyoubana mlango.

Mgongo unapouma, mwili hutengeneza kemikali inayoleta uvimbe na maumivu. Kidonge huizuia, na maumivu hutulia. Lakini kemikali za namna hiyo hiyo, ndani ya figo, ndizo zinazouweka mlango wazi mwili unapokosa maji. Kidonge hakichagui kati ya mgongo na figo. Kinazuia kote. Mtu mzima wa afya, aliyekunywa maji, akameza siku mbili tatu, mara nyingi hadhuriki. Mtu aliyesimama juani muda wa saa tano kwa funda moja la maji, akameza viwili, mlango wake hujibana. Fundo hukosa damu. Na mrija nao hulishwa na damu ile ile inayotoka kwenye fundo, kwa hiyo nao hufa njaa. Wewe umefanya hivyo kiasi cha siku kumi na mbili kila mwezi kwa miaka sita.

Anayemeza kwenye daku na kwenda mwani akiwa amefunga yuko katika hatari kubwa kuliko wote.

Sikukosea kwa kutojua. Tulifundishwa mwaka wa pili. Lilikuja kwenye mtihani na nilipata alama zote. Kisha nikakaa dukani. Watu wanaingia wameshika viuno, unawapa, wanarudi kukushukuru. Wewe uliponiambia mgongo, sikufikiria figo; nilifikiria shangazi yangu anaumwa na dawa iko nyuma yangu. Hata idadi uliyoagiza ilipozidi ya mgongo mmoja, sikuuliza. Barua yako ya Oktoba ilipofika nilijua kabla sijaugeuza ukurasa. Nikakuandikia kwamba vimekwisha. Havikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya rafu yake. Yote mengine niliyokueleza ni kweli, lakini niliyaandika marefu ili nisifike hapa. Na Majid hakusafiri.

Mwambie daktari, na unitaje. Wasomee wenzako barua hii kabla Ramadhani haijaingia, na wasiende kwa Hasan. Aliyevimba, au anayekojoa kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Radhi sijakuomba humu. Nakujua, nikiomba utanisamehe upesi, na barua ukaitia sandukuni badala ya kuisoma mbele ya watu.

Salhiya


Uroa, 23 Februari 2026. Kwa mkono wa Shaame

Salhiya,

Nimekupigia mara nne tangu alfajiri hupokei, ndiyo maana anakuja Shaame na karatasi hii.

Barua yako nimeipata tarehe tisa ya mwezi huu. Simai aliumwa na ikakaa kwenye gari lake wiki mbili. Nimeisoma, na nimeitia sandukuni. Wenzangu niliwaambia tu kwamba vidonge havipatikani tena mjini. Wakaenda kwa Hasan. Njia ya kwa Hasan niliwaonyesha mimi.

Radhiya wa Mbarouk, uliyesoma naye mpaka darasa la saba, juzi Jumamosi alianguka majini. Ilikuwa siku ya tatu ya mfungo. Tukambeba. Jana kutwa hakupata haja ndogo, na jioni wamemleta hospitali hapo mjini. Mamake kapiga simu asubuhi hii: daktari kamuuliza anatumia dawa gani, na Radhiya kajibu hatumii kitu. Maneno hayo niliwafundisha mimi, tangu niliporudi hospitali mara ya kwanza, ili usitajwe.

Wewe uko dakika kumi na hospitali hiyo. Nenda.

Mwatum


Kiponda, 4 Machi 2026

Shangazi, shikamoo.

Shaame alinikuta dukani saa tano. Saa tano na nusu nilikuwa wodini.

Radhiya alikuwa amevimba uso. Akanitazama, akasema, "Salhiya wa vidonge. Umeniletea?" Mamake akamwambia anyamaze. Daktari alikuwa yule yule wako, anaitwa Tamima. Nikamwambia mbele yao: anameza diklofenaki, viwili kila siku ya kazi, kwa miaka mingi, na nilikuwa nikivipeleka mimi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Nauza dawa Kiponda."

"Umesomea?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Naam."

Hakunigombeza. Aligeuka akaanza kuagiza vipimo, na nesi akanisogeza kwa kiwiko nipishe. Radhiya ndiye aliyesema. "Mwatum alituambia tusikutaje. Basi mie nimelala hapa nakufa na siri yako, na wewe miaka yote hii hujapata kuja hata kunipa pole ya msiba wa baba yangu." Nilikaa na mamake mpaka wakati wa kufuturu, na futari aliniwekea, ila hakunisemesha.

Wamemwunganisha na mashine ya kusafisha damu mara mbili. Siku ya nne alipata mkojo, mililita mia mbili. Jana ulifika mia tisa. Dk. Tamima anasema mlango uliobanwa kwa siku chache unaweza kufunguka tena. Nilikuandikia kwamba nefroni mpya haioti, na ni kweli. Lakini ndani ya mrija ambao haujaporomoka, seli zilizokufa zinaweza kuota upya. Anatarajia kumruhusu kabla ya Idi. Hakuahidi kwamba atarudi kama alivyokuwa.

Kwako siyo hivyo, na nimemwomba asinifiche. Zilizokufa kwako zimeshakuwa makovu. Faili lako kaliandika upya mbele yangu. Kilichopo ni kuzilinda zilizobaki: presha, chumvi, maji ya kutosha, na mgongo utibiwe kwa njia nyingine. Anakutaka tarehe ishirini na tatu.

Majid nimemweleza. Kanambia nikae nyumbani. Nimeandika maelezo nikayapeleka mwenyewe kwa wanaosimamia leseni, na bado hawajanijibu. Na Hasan nimempigia. Alisema yeye anauza na sabuni na biskuti pia, hakujua. Kavitoa.

Simu yako ile asubuhi niliiona. Mara zote nne.

Salhiya


Uroa, 29 Machi 2026

Mwanangu Salhiya,

Assalaamu alaykum, na Idi njema ingawa imeshapita. Mke wa Shaame anatembea kwa kujishika kiuno na anataka maembe mabichi usiku na mchana. Kwa daktari nilikwenda. Ni asilimia thelathini na moja. Kaniambia majini nisiingie tena kwenye jua kali, kwa hiyo sasa ninafunga mbegu kivulini na Sichana ananipelekea. Ananiita karani.

Radhiya karudi siku tatu kabla ya Idi. Anachoka upesi.

Siku ya pili ya Idi niliwaita wote uani kwangu. Nikawasomea barua ya Januari, mwanzo mpaka mwisho, na jina lako sikuliruka. Nilipofika pale pa mtihani Sichana akanyanyuka akatoka. Nikadhani kaondoka. Akarudi na ndoo ya maji na kata ya kuchotea, akaiweka katikati, akasema, "Endelea, na nyinyi mnywe."

Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa mamake Radhiya. "Barua imeandikwa lini?"

Nikamwambia, tarehe ishirini na tano Januari.

"Na wewe imekufikia lini?"

"Tarehe tisa Februari."

Radhiya alikuwa kakaa mkekani, kaegemea ukuta. Akasema, "Na mimi nimeanguka tarehe ishirini na moja."

Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Ni siku kumi na mbili. Miaka sita ni yako na siku hizo ni zangu. Daktari akiniuliza nimeathirika vipi naweza kumjibu kwa asilimia. Hili sijui linapimwa kwa kitu gani. Mamake Radhiya akikutana nami sasa hupita upande wa pili wa njia, na mimi simwiti.

Kisha wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja anasema achukuliwe hatua, mwingine anasema alitutakia heri, mwingine anasema heri gani hiyo isiyokuja Ijumaa. Sichana akawakata. "Mtamgombania Salhiya mpaka kesho. Mimi nimemeza miaka sita kama Mwatum. Figo zangu nani kaziangalia?" Kila mmoja akawa anajitazama miguu.

Tumekubaliana twende sote tukapimwe. Hospitali wanataka mkojo wa kwanza wa asubuhi na damu kabla ya saa mbili, kwa hiyo lazima tulale mjini. Tumechagua Jumatano ya tarehe nane Aprili, ni siku za maji mafu, bahari haipwi mbali, hakuna kazi itakayopotea. Tutafika kwako siku hiyo baada ya magharibi, watu kumi na mmoja, na mikeka yetu na chakula chetu. Chumba cha nyuma kisichokuwa na dari tutakitumia hivyo hivyo. Wapo wenye maneno ya kukwambia na mimi sitawazuia. Radhiya anasema yeye hana neno jipya, anataka akuone ukiwa umekaa naye chini.

Kuomba radhi utaomba huko, mbele ya wote, na kila mtu atajibu la kwake. Langu nimeshaliweka tayari na siliandiki.

Kama huwezi kutupokea, mwambie Simai kabla ya Jumatatu na tutalala Amani kwa Fathiya. Nisiposikia kitu, tunakuja.

Shangazi yako,
Mwatum